Mwaka wa Benchi la Nyuma

Ruthi alinishika mkono tukiwa tumekaa msibani kwa mama yake, akaniambia, "Baba alikupenda sana wewe. Mpaka anakufa alikuwa akikutaja." Nilikuwa sijamwona Ruthi kwa zaidi ya miaka arobaini. Amekuwa mnene, anatembea na fimbo, na ile sauti yake iliyokuwa ikiongoza kwaya yetu imekwaruza kama ya mtu aliyeishi kwenye moshi. Wanawake waliokaa karibu nasi walitikisa vichwa kwa kuguswa. Mimi nilitazama sahani niliyoipakata. Nilisema tu, "Mungu ampumzishe mama," kisha nikaomba maji ya kunywa. Kesho yake asubuhi, nikiwa nyumbani kwangu hapa Same, nilichukua daftari nikaanza kuandika, maana niliona kwamba nikikaa kimya tena, hadithi itakayobaki ni ile ya Ruthi peke yake, kwamba baba yake alinipenda sana. Na ubaya wake ni kwamba hadithi hiyo si ya uongo.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni mmoja tu, nilipokuwa na miaka kumi na saba. Kwa nini niliishi kwa shangazi yangu Namsifu na si kwa wazazi wangu ni habari ndefu na haihusiki hapa. Itoshe kusema kwamba shangazi alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto, alikuwa mfinyanzi, na nyumba yake ya vyumba viwili ilikuwa juu milimani, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Same. Chumba kimoja tulilala. Cha pili kilikuwa cha vyungu. Vilipangwa sakafuni juu ya majani makavu ya migomba, vikubwa nyuma, vidogo mbele, vikikauka taratibu kabla ya kuchomwa, na nyumba nzima ilinukia udongo mbichi. Shangazi alifinyanga akiwa amesimama, ameinama, akikizunguka chungu badala ya chungu kumzunguka yeye, na alilainisha ubavu wake kwa gunzi la muhindi huku akiimba nyimbo za kanisani kwa mwendo wa haraka kuliko tulivyoziimba Jumapili. Alikuwa mcheshi mwenye ulimi mkali. Alipenda sukari, alipenda habari za watu, alipenda kukaa ukingoni mwa ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya mifereji, akiwa ametumbukiza miguu majini huku wenzake wakimhimiza warudi nyumbani. Na alimpenda Mungu bila kuona aibu wala kujionyesha, kama mtu ampendavyo ndugu yake wa tumbo moja.

Kanisa letu lilikuwa limejengwa na wamisionari wa Kijerumani. Vita kuu ya pili ilipoanza, serikali ya Waingereza iliwachukua, na walipoondoka waliacha nyumba ya mawe, kengele, kinanda kilichokosa funguo mbili, na mchungaji mmoja Mwafrika, Zefania, ambaye ghafla alikuwa na mitaa minne ya kanisa mikononi mwake. Vita ilikwisha, wazungu wale hawakurudi, na Zefania akaendelea kuibeba kazi yote mwenyewe. Nataka nimtendee haki. Alipanda na kushuka milima ile kwa miguu, mvua na jua, kuzika na kubatiza. Mwaka huo ninaousimulia ndipo habari za uamsho zilipofika kwetu. Zililetwa na wageni waliotoka upande wa Ziwa, waliohubiri kwamba kubatizwa hakutoshi, kwamba kila mtu asimame mbele ya wenzake ataje dhambi zake kwa majina, alie, kisha aimbe. Ng'ambo ya bonde letu mtaa mzima uligawanyika. Waliookoka walijenga banda lao la majani ya migomba, wakaacha kuingia kanisani, na watu waliokula pamoja toka utoto wakawa wanapishana njiani bila kuamkiana. Zefania aliliona lile banda kila alipofungua dirisha lake. Nadhani aliliota.

Mimi nilikuwa karani wa kikao cha wazee wa kanisa. Halikuwa jambo la kawaida kwa msichana, lakini mzee aliyekuwa akiandika macho yake yalikuwa yamefifia, na Zefania mwenyewe ndiye aliyenifundisha shuleni na kuupenda mwandiko wangu. Kila Jumanne nilikwenda nyumbani kwake kunakili kumbukumbu za kikao kwenye kitabu kikubwa chenye jalada jeusi. Nilikaa kwenye meza yake, mbele ya dirisha, nikiandika kwa kalamu yake, na nikimaliza nilikwenda jikoni kula na Ruthi, ambaye tulikuwa chanda na pete. Jiko lile nalikumbuka kuliko sebule. Lilikuwa kibanda tofauti, chenye mafiga matatu makubwa na dari nyeusi inayong'aa kwa masizi, na makande yalichemka pale tangu asubuhi, mahindi na maharage, mpaka yalainike, ndipo Mama Ruthi ayatie maziwa. Miezi ya ukungu, baridi ilipokuwa inauma mifupa, Zefania naye aliingia jikoni kuota moto, jambo ambalo wanaume wengine wangeliona aibu. Alivua miwani yake iliyojaa mvuke, akaketi kwenye kigoda, akasema, "Haya, karani, dunia inasemaje?" Nami nilimsimulia. Nilijua kuiga sauti za watu. Nilimwigiza mzee wa kanisa anayelala wakati wa mahubiri kisha anaamka akisema amina mahali pasipostahili, na Zefania alicheka mpaka machozi yakamtoka. Sijui kama wasomaji wangu wanajua utamu wa kumchekesha mtu unayemheshimu. Nilikuwa naishi nikiisubiri Jumanne.

Shangazi naye alikuwa ameguswa na uamsho, lakini kwa namna yake. Kila Jumatano alasiri wanawake sita au saba walikuja kusali kwetu, katika chumba cha vyungu, wakikaa kwa uangalifu katikati ya vile vilivyokuwa bado vibichi. Waliomba, waliungama, walilia. Baada ya hapo walikunywa chai na kucheka kwa nguvu kuliko walivyolia. Hawakuacha kwenda kanisani. Jambo moja tu liliwakera, kwamba Zefania alihubiri kila Jumapili dhidi ya watu wanaoungama nyumbani, ilhali yeye hakuwahi kusimama akasema hata kosa moja la kwake. "Naye asimame aungame kama sisi," walisema. Mkali kati yao alikuwa Mama Elisia, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kiume, aliyetaka wahame mara moja. Shangazi alikuwa akimtuliza. Jumatano moja Mama Elisia alimuuliza, "Lakini wewe, Namsifu, mahubiri yake ya juzi umeyaonaje?" Shangazi alifikiri kidogo, kisha akasema, "Zefania ni makande ya juzi. Ukiyapasha moto yananukia vizuri, lakini tumbo ndilo linalojua." Wanawake waliangua kicheko, mmoja nusura auketie mtungi. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai. Nilicheka pia.

Jumanne iliyofuata ukungu ulikuwa mzito, na Zefania aliingia jikoni akionekana amechoka. Hakuuliza dunia inasemaje. Alikaa, akanyoosha mikono kwenye moto, na baada ya muda akasema, "Nakijwa, mwanangu, najua wanawake wanakutana kwenu. Sina ubaya nao. Ila nashindwa kuwaombea kwa sababu sijui wanaumwa wapi. Ungenisaidia." Mama Ruthi alikuwa ametoka kuchota maji. Ruthi alikuwa pale, anamenya ndizi. Nilisita. Zefania aliliona hilo, akasema maneno ninayoyakumbuka kama nilivyoyasikia: "Yatakayosemwa hapa yatabaki hapa, kati ya mafiga haya. Nakuahidi mbele za Mungu." Basi nikamwambia. Nilianza na yale ya kuungama, kwamba wanataka naye asimame. Aliinamisha kichwa, na uso wake ulikuwa wa huzuni hata nikamwonea huruma, nikataka kumchangamsha kama nilivyozoea. Ndipo nikamsimulia la makande. Nililisema kwa sauti ya shangazi hasa, na kile kituo chake kidogo kabla ya tumbo. Zefania alicheka. Alicheka kwa muda mrefu, akafuta macho. "Huyu Namsifu," akasema, "huyu Namsifu." Nikaenda nyumbani nikiwa na furaha, nikidhani nimewapatanisha.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi asubuhi, kikao kiliitwa katika kile chumba kidogo nyuma ya madhabahu. Wazee watano walikaa kwenye benchi ukutani, Zefania kwenye kiti, mimi mezani na kitabu. Sikuwa nimeambiwa ajenda. Mlango ulipofunguliwa akaingia shangazi yangu, amevaa gauni lake la Jumapili, nikadhani ameitwa kwa habari ya kufagia kanisa. Aliwaamkia wazee wote, wakamwitikia. Zefania alisimama akasema kwamba dada yetu huyu anakusanya watu nyumbani bila idhini na amemtukana mchungaji wake mbele yao. Kisha akayasema yale maneno. Aliyasema bila kucheka, polepole, makande ya juzi, kupashwa moto, tumbo, na yakiwa kinywani mwake yalikuwa kweli matusi. Kalamu ilisimama mkononi mwangu. Mzee Elinami, aliyekuwa mkubwa kuliko wote na ambaye alipenda mambo yaende kwa utaratibu, alikohoa akasema, "Mchungaji, neno bila shahidi ni upepo. Nani aliyasikia?"

"Shahidi yupo humu ndani," akasema Zefania. Akanigeukia. "Nakijwa, mwanangu, weka kalamu chini. Shangazi yako alisema maneno haya, au hakuyasema? Kumbuka uko mbele za Mungu."

Nilimtazama. Niliamini kabisa kwamba amesahau, na kwamba nikimtazama vizuri atakumbuka jiko, na ndizi, na ahadi yake. Macho yake nyuma ya miwani yalikuwa matulivu. Hakuwa amesahau kitu. Shangazi hakunitazama mimi, alimtazama yeye. Ningeweza kusema hakuyasema, na ungekuwa uongo mbele ya madhabahu, nami nilikuwa msichana aliyeogopa uongo kuliko nyoka, na aliyenifundisha kuuogopa ni yule yule aliyekuwa ameniuliza. Nikasema, "Aliyasema."

"Wapi?"

"Nyumbani kwetu."

"Sasa chukua kalamu," akasema, "uandike."

Nikaandika. Mzee Elinami alimuuliza shangazi kama ana la kusema. Alisema, "Kama nimemkosea mchungaji, namwomba radhi hapa hapa. Nilikuwa na mzaha mbaya. Kama ni kusali, kusali sitaacha." Zefania alisema radhi hiyo inatakiwa mbele ya kanisa zima, pamoja na ahadi ya kuacha mikutano. Shangazi akasema hapana, kwa upole kabisa. Basi ikaamuliwa atengwe, asishiriki meza ya Bwana mpaka atakapotubu, akae benchi la nyuma. Hilo nalo niliandika, kwa ule mwandiko wangu uliosifiwa, na mwisho nikatia tarehe.

Tulirudi nyumbani yeye mbele mimi nyuma. Tulipofika alibadili nguo, akaingia chumba cha vyungu, akaanza kuponda udongo kwa mchi. Nilisimama mlangoni nikamwambia, "Shangazi, ni mimi niliyemwambia." Akasema, "Najua. Yule mzaha niliusema mbele ya wanawake saba na wewe. Wale saba hawali kwake." Akaendelea kuponda. "Aliniahidi," nikasema. "Aliahidi mbele za Mungu kwamba hatasema." Hapo mchi ulisimama. Aliuliza, "Aliahidi?" Nikamweleza yote, mafiga na moto. Alisikiliza mpaka mwisho, na nikaona usoni mwake kitu ambacho hukumu ya kikao haikukileta. Kisha akasema, "Yeye amekuumiza wewe, na wewe umeniumiza mimi. Nitakuwa na hasira kwa muda. Wewe fanya kazi zako, upike, uteke maji, na usinifuatefuate ukiomba msamaha, maana nitautoa kwa mdomo kabla haujafika moyoni. Hasira zikiisha nitakuambia."

Nilimwendea Ruthi. Nilimkuta kisimani, nikamwomba tuende pamoja kwa Mzee Elinami, aseme alichosikia. Sikutaka baba yake aadhibiwe. Nilitaka tu mtu mmoja mbali na mimi ajue kwamba iliahidiwa. Ruthi aliendelea kujaza ndoo yake. "Ahadi gani?" akauliza. Nikamkumbusha. Akasema, "Mimi nilikuwa namenya ndizi. Sikusikia." Nikamwambia, "Ruthi, ulikuwa umekaa karibu naye kuliko mimi." Akajitwika ndoo, akasema bila kunitazama, "Baba ni mchungaji. Akisema hakuahidi, basi hakuahidi." Tangu siku hiyo, kwenye kwaya, alisimama upande mwingine. Nimewahi kufikiri kwamba Zefania alinitumia kwa sababu aliogopa, na hofu ni jambo ninaloweza kulielewa. La Ruthi lilinichukua miaka mingi zaidi. Sasa nina wajukuu, na najua mtoto hawezi kuchagua kuwa shahidi dhidi ya baba anayempa chakula. Lakini kuelewa ni jambo moja, na pale kisimani panabaki kama palivyokuwa.

Jumapili ya kwanza niliamka nikiwa nimeamua kutokwenda kanisani tena maisha yangu yote. Shangazi nilimkuta amekwisha kuoga, anajifunga kilemba. "Unakwenda wapi?" nikamuuliza. "Kanisani," akasema, kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. Tuliingia. Benchi la nyuma halikuwa na egemeo, lilikuwa karibu na mlango ambapo upepo unaingia, na siku hiyo lilikuwa lake peke yake. Watu waligeuka kutazama. Yeye aliketi, akaweka mikono mapajani, na wimbo ulipoanza aliimba. Hakuimba kwa ukaidi, ningejua. Aliimba kama alivyoimba akilainisha chungu. Mahubiri yalipokwenda vizuri alitikisa kichwa kukubali, na watu walipoitwa mezani alibaki amekaa, ameinamisha uso, na baada ya ibada alisimama nje kuwaamkia wote, pamoja na Zefania. "Shikamoo, Mchungaji." "Marahaba, Namsifu." Nilimuuliza njiani anawezaje. Akasema, "Nilibatizwa mle kabla Zefania hajavaa joho. Alichonizuilia ni meza. Hakunizuilia kusikia wala kuimba, na hivyo viwili navipenda sana. Kwa nini nimwongezee na vingine ambavyo hakuviomba?"

Hivyo ndivyo alivyoishi mwaka ule, na mimi nilimtazama kwa karibu kwa sababu sikuwa na jambo lingine la kushikilia. Siku za soko tulishuka Same na vyungu, alfajiri ikiwa bado ya baridi, matenga kichwani, na kadiri tulivyoshuka joto lilipanda mpaka tukavua mashuka. Tuliuza karibu na stesheni. Mama Salehe, mke wa mwenye duka la vitambaa, Mwislamu ambaye ukoo wake ulikuwa umeishi pale tangu enzi za misafara, alikuwa rafiki wa shangazi wa siku nyingi, na mchana tulikwenda uani kwake tukala vitumbua na chai ya tangawizi. Wawili wale walichambua kila mtu aliyepita, kuanzia askari wa boma mpaka karani wa posta. Mama Salehe alisikia habari ya kutengwa, akauliza, "Sasa ndugu yangu, wamekutoa kwenye dini?" Shangazi akasema, "Wamenitoa mezani. Ndiyo maana leo nakula kwako vitumbua vya watu wawili." Akacheka, na akiwa bado anacheka alinigeukia, akanisogezea sahani, akasema, "Kula. Zimeisha." Nilijua anasema habari ya hasira. Niliingia ndani ya duka, nikasimama katikati ya vitambaa, nikalia mpaka nikatosheka.

Shida iliyofuata haikutoka kwa Zefania. Mama Elisia na wenzake, walipoona mwenzao ametengwa, waliamua sasa wahame, wakajenga banda lao kule kwenye mteremko wa kahawa, na walitaka shangazi awe kiongozi wao. Walikuja kumchukua kwa nyimbo. Aliwakaribisha, akawapa chai, akakataa. "Mimi nina ugomvi na mtu mmoja," akasema. "Sina ugomvi na lile jengo, wala na waliomo." Mama Elisia alisimama, karibu kichwa chake kiguse dari. "Tumeacha kanisa kwa ajili yako, Namsifu." "Sikuwaomba," akasema shangazi. "Basi umetusaliti," akasema Mama Elisia, na wakaondoka bila kumaliza chai. Jumatano iliyofuata hakuja mtu. Shangazi alifagia chumba cha vyungu kama kawaida, akatandika majani, akapiga magoti peke yake. Nilisikia akiomba. Aliwataja wote kwa majina, mmoja mmoja, na wa mwisho akamtaja Zefania. Nilikuwa nje nachambua maharage. Niliacha nilichokuwa nafanya, nikaingia, nikapiga magoti karibu naye. Sikuomba kitu. Nilikaa tu pale, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu kikao kile kutohisi kwamba Mungu ni mmoja wa wazee walioketi ukutani.

Jumapili hiyo sikukaa na kwaya. Nilipita safu zetu za mbele, nikaenda nyuma, nikaketi na shangazi. Mzee Elinami alikuja kuniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, wewe hukutengwa." Nikamwambia, "Najua, Mzee. Naomba nikae." Alinitazama, akamtazama shangazi, akarudi mahali pake. Zefania aliniona kutoka mimbarini, akapoteza mstari aliokuwa akiusoma, akaurudia. Sikushiriki meza siku hiyo wala nyingine mwaka ule, na ukarani niliurudisha kwa barua fupi niliyoiandika vizuri iwezekanavyo. Yeye hakunijibu. Jumanne nilipoikosa kalamu yake na meza yake na vicheko vyake, niliumia, na sioni aibu kukiri. Ningeweza kumchukia vizuri zaidi kama singekuwa namkumbuka hivyo. Shangazi alinifundisha kufinyanga Jumanne hizo. Vyungu vyangu vilipasuka motoni kimoja baada ya kingine, naye alivicheka bila huruma, na mwishowe nami nikawa navicheka.

Mwisho wa mwaka Zefania alihamishiwa mbali, upande wa pwani. Mtaa mzima ulimsindikiza Same kupanda treni, kama ilivyokuwa desturi. Nilidhani tutabaki nyumbani, lakini asubuhi ile shangazi alikwenda mpaka nyumbani kwake, akachukua mzigo mmoja wa vyombo, akajitwika, akaungana na wengine. Niliona aibu kushuka mikono mitupu, nikachukua kikapu cha kuku. Tuliteremka tukiimba. Ruthi alikuwa mbele na mama yake, hakugeuka nyuma. Stesheni kulikuwa na jua kali na watu wengi, na kichwa cha treni kilikuwa kinapumua mvuke. Zefania aliaga mmoja mmoja. Alipofika kwa shangazi alimshika mkono kwa mikono yote miwili, akasema, "Ahsante kwa kunibebea mzigo, Namsifu." "Safari njema, Mchungaji," akasema. Kisha akafika kwangu. Niliona midomo yake inaanza kufunguka, nikasubiri, na watu nyuma yangu walikuwa wanasukumana. Akasema, "Usiache kuandika. Una mwandiko mzuri sana." Akapanda behewani. Treni ikaondoka kuelekea Makanya, na kwaya ikaimba mpaka ilipopotea.

Shangazi alirudishwa mezani mwaka uliofuata na mchungaji mpya, bila maneno mengi, na Mama Elisia naye alirudi kanisani polepole, akianza kwa misiba. Hayo yalikuja baadaye. Siku ile ya stesheni watu walitawanyika kwenda sokoni, sisi wawili tukabaki. Nilikuwa nalia kwa hasira, nikifuta uso kwa ncha ya kanga. Shangazi alikaa chini kivulini, kwenye ukingo wa jukwaa, akanyoosha miguu yake yenye vumbi.

"Ulifikiri atasema?" akaniuliza.

"Ndiyo," nikasema. "Nilifikiri atasema hata neno moja."

Alitazama reli. Sijawahi kumwona amechoka namna ile, hata siku ya kikao.

"Mimi nami nilifikiri," akasema. "Ndiyo maana niliubeba ule mzigo."

Tulikaa pale mpaka jua lilipopungua. Kisha alisimama, akajipangusa, akasema ana njaa, na tukaanza kupanda.